Vitabu Viwili vya Trio Moja

Ninyi wawili mliopokea funguo za chumba cha nota mmeniomba niandike niliyoyaona humo, nadhani ili msinipigie simu kila panya anapoonekana. Naandika, ingawa mimi ni mtu wa darasa la saba na sina hakika kama kumbukumbu hizi zote ni zangu. Nyingine huenda ni za Mzee Barnaba, aliyenisimulia mara nyingi hadi nikaanza kuziona mwenyewe. Nikiwa na shaka nitasema. Vyeo na mshahara nitaviruka. Mshahara ulikuwa mfupi, na jambo fupi halihitaji kurasa.

Nilifika pale shule ya muziki nikiwa binti wa kwaya kutoka Kibosho, sauti ya pili, nikidhani nimeitwa kufagia. Mzee Barnaba Lyimo ndiye aliyekuwa mtunza nota. Alinikaribisha kwa ndizi ya kuchoma, tukala tukiulizana habari za nyumbani, kisha akanisogezea kitabu kikubwa cha piano.

"Nifungulie katikati."

Nikapangusa mikono kwenye kanga, nikafungua. Akanitazama kama daktari anavyotazama kidonda.

"Kanga ni maji?"

"Hapana, mzee."

"Basi nenda kwenye maji. Kitabu hiki kimetoka Ulaya kwa meli. Hakikuja kunusa ndizi."

Baadaye niligundua kwamba kila mgeni hupewa ndizi ile, hata wakuu wa shule. Mmoja aligoma kunawa. Kila alipoazima kitabu Mzee Barnaba alikisindikiza hadi mezani kwake, akavuta kiti, akakaa kukilinda.

Nota za kwaya, zile za do re mi, nilizijua. Hizi za mistari mitano kwangu zilikuwa kahawa iliyoanikwa kwenye waya, kuku wakapita juu yake. Mzee hakunifundisha kuzipiga. Alinifundisha kuzifuata kwa kidole muziki ukilia, mpaka nikajua ukurasa unageuzwa lini. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya muziki. Najua wakati wa kugeuza.

Vifaa mmevikuta kwenye droo. Penseli iwe laini, kifutio kiwe cheupe, brashi iwe ile ndogo ya rangi, gundi ipikwe kwa unga wa ngano. Selotepu msiikaribishe. Selotepu ni kama mgeni mchangamfu, siku za mwanzo anakufurahisha, akiondoka anaondoka na vitu vyako. Baada ya kila onyesho futeni penseli zote, lakini someni kwanza. Nimewahi kukuta "hesabu", "usilale", "mtazame Shirin", na mara moja, juu ya wimbo wa huzuni sana, "nunua chumvi".

Huyo Shirin aliyekuwa akitazamwa ni Mwalimu Shirin, mwalimu wa piano, mzaliwa wa hapahapa Moshi, wa ile familia iliyokuwa na duka la vitambaa mjini. Wiki yangu ya kwanza aliingia chumbani, hakusema anataka nini, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini na kutoa kitabu cha trio. Trio ni muziki wa watu watatu: piano, fidla, na selo, ile fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti. Akakifungua, akapiga vidole juu ya meza bila sauti, akakirudisha.

"Hukiazimi, mwalimu?" nikamuuliza.

"Nikiazime nikapige na nani? Piano ninayo. Fidla naweza kuomba. Selo hakuna kuanzia hapa hadi Arusha."

"Labda itakuja."

"Ikija nitaipiga hii kwanza. Mara moja tu, mbele za watu. Halafu nikiitwa na Mungu nitaenda bila kulalamika."

Alirudi hivyo kila mwaka, nami nikazoea kukipangusa kitabu kile vumbi kabla hajaingia.

Sasa niwaeleze habari ya matoleo, maana hapo ndipo walimu wengi huja kugombana nanyi. Vitabu vyetu vingi vilikuwa vya zamani, vilivyoachwa na wazungu waliohama na watu wa misheni. Muziki wa hao watunzi wa karne ya kumi na tisa ulikuwa umepitia mkononi mwa profesa fulani wa huko, naye akaongeza yake: hapa piga kwa nguvu, hapa punguza, hapa weka kidole cha nne. Mzee Barnaba aliwaita maprofesa hao majirani. "Umepika mtori wako vizuri, jirani anapita, anafunua sufuria, anatia chumvi, anaenda zake. Wageni wakija wanasema wewe ndiye uliyetia."

Kisha yakaanza kuja matoleo ya kitaalamu. Hayo yanatengenezwa na mtu mwenye subira ya ajabu, anayekaa na maandishi ya mtunzi mwenyewe, chapa ya kwanza, na nakala ya mwanafunzi wake, akalinganisha doa kwa doa, akaondoa chumvi yote ya jirani. Kila anapokuwa na wasiwasi anaeleza nyuma ya kitabu, na wasiwasi wenyewe ni mwingi kuliko muziki. Mtu huyo nilimpenda bila kumjua. Nilikuwa sijawahi kuona msomi anayeandika "sina hakika" kurasa kumi mfululizo.

Lakini niwe wa haki. Chumvi ya jirani nyingine ilihitajika. Wanafunzi wetu wengi wasingejua vidole vipite wapi bila tarakimu zile. Na matoleo ya kitaalamu yana karatasi ngumu ambayo haikubali kulala wazi mpaka uishindilie kwa kiwiko.

Kosa kubwa ni kuyachanganya. Mwaka mmoja kwarteti ya walimu, yaani wapigaji wanne, ilikuwa na vitabu vya toleo la zamani kwa wawili, na toleo la kitaalamu kwa wawili. Vile vipande vya muziki kati ya mstari wa wima na mwingine sisi tunaviita vyumba, navyo huhesabiwa. Kiongozi akasema, "Tuanze chumba cha tisini." Wakaanza. Ilikuwa kama soko la Kwa Sadala siku ya gulio. Wakarudia, ikawa vilevile. Wakatukanana kwa adabu, kisha bila adabu. Kumbe muziki ulikuwa na kipande cha kurudiwa chenye miisho miwili, na toleo moja linahesabu mwisho wa kwanza, jingine halihesabu. Mimi, ili kusaidia, nikachukua vitabu vyote nyumbani, nikahesabu upya kwa penseli, nikakosea mahali fulani. Siku iliyofuata kukawa na hesabu tatu. Mzee Barnaba alicheka hadi akaomba maji.

Mzee alistaafu, akawa anakuja kusoma gazeti langu. Selo nayo ikaja. Ililetwa na mmisionari aliyekuwa fundi wa chombo hicho, na aliyejitokeza kufundishwa alikuwa Mwalimu Kimaro, mkulima wa kahawa wa Kibosho ambaye asubuhi alifundisha shule ya msingi. Alikuwa mtu mzima tayari, mwenye mikono ya jembe. Alijifunza kwa hasira kwa miaka mingi. Mmisionari akafia hukuhuku, akazikwa hukuhuku, na Kimaro akabaki na selo na vitabu vya zamani vyenye penseli za marehemu, ambazo nilikatazwa kuzifuta. Hizo ndizo pekee nilizoziacha.

Mpiga fidla alichelewa zaidi. Alikuwa Daktari Ute, mama wa Kijerumani wa hospitalini, mpole, fundi kweli wa fidla. Kiswahili chake kilikuwa cha wodini. Kabla ya kuanza kupiga aliwaambia wenzake, "Vuta pumzi. Shikilia. Toa." Mtu akikosea aliuliza, "Unasikia maumivu wapi?"

Kwa hiyo Mwalimu Shirin akapata watu wake. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba wakati wa baridi, ile ya Juni mlima unapojifunika kutwa nzima, na binti yake aliye Kanada alikuwa amemkatia tiketi akaishi naye. Ilibaki miezi michache. Onyesho likapangwa, la trio ile tu. Kila mtu alijua ni hilo au basi.

Daktari Ute alikuwa amerudi likizo na toleo la kitaalamu la trio, jipya, zawadi kwa shule. Mwalimu Shirin alikesha nalo. Akaja mazoezini uso unang'aa.

"Mwisho wa sehemu ya polepole," akasema, "pale selo inapobaki na wimbo. Sote tunapiga kwa nguvu, siyo? Hakuandika hivyo. Hapa hakuna kitu. Ni kimya kimya tu mpaka mwisho."

Kimaro akavaa miwani. "Changu kinasema kwa nguvu."

"Chako ni cha jirani."

"Marehemu mwalimu wangu alikizungushia duara mara mbili."

Daktari akasoma maelezo ya nyuma na kututafsiria. Yalisema kwamba kwenye maandishi ya mkono ya mtunzi mahali hapo kuna alama ndogo, ambayo inaweza kuwa amri ya nguvu, au inaweza kuwa tone la wino. Mhariri hakuwa na hakika.

"Tone la wino," akasema Kimaro taratibu. "Miaka yote hii. Niende kaburini nimwambie mwalimu wangu alilizungushia duara tone la wino."

"Sijasema hivyo, Kimaro. Nasema naondoka. Nataka nisikie mara moja alichoandika mwenyewe, bila wewe kuwasha trekta pale mwisho."

"Trekta?"

"Ndiyo, trekta. Ya ushirika. Ile inayowaka kwa kusukumwa."

"Na wewe mama, hiyo piano yako ukiipiga kimya kimya inasikika kama mtu anayetafuta funguo kwenye pochi."

Nilikuwepo, nami nathibitisha kwamba yote mawili yalikuwa na ukweli kidogo. Kimaro akaifunga selo, akaibeba mgongoni, akapanda Kibosho. Kitabu chake alikiacha kwenye stendi ya nota. Wiki ikapita, ya pili ikaanza. Nilimpelekea salamu kwa watu wa kanisani, akajibu kwamba yuko kwenye kahawa. Mwalimu Shirin alikuja kila siku, akapiga sehemu yake peke yake, mapengo ya selo akayaacha wazi. Kumsikiliza ilikuwa kazi. Siku moja aliniambia niandae tangazo la kuahirisha.

"Kuahirisha mpaka lini, mwalimu?"

Akarudi kwenye piano.

Ijumaa Daktari Ute akaingia chumbani kwangu na wazo la kitabibu. Alikuwa anapanda Kibosho kesho yake kwenye zahanati. Angempelekea Kimaro kitabu chake na kumwomba aje wajaribu njia zote mbili, mara moja ya nguvu, mara moja ya kimya, kisha waamue. Wazo zuri kabisa. Akataka kuweka alama mahali pa ugomvi, kwenye kitabu cha Kimaro na cha Shirin. Klipu nilimkataza, zina kutu. Akatoka nje, akarudi na majani mawili marefu ya kijani kutoka kwenye uzio wetu. Ili yasiteleze, akayapiga fundo. Akaweka moja huku, moja huku.

Ninyi ni watoto wa hapa, sina haja ya kuwaambia uzio wetu ni wa mmea gani. Ni isale. Kwa wageni watakaosoma haya: kwetu Wachagga, aliyekukosea akikuletea jani la isale lenye fundo, ameomba radhi, na huna ruhusa ya kumkatalia hata kama amemchinja ng'ombe wako. Ukikataa, ubaya unahamia kwako.

Nikanyanyua mkono kuyatoa. Mzee Barnaba, nyuma ya gazeti, akakohoa.

"Acha."

"Mzee, ni isale hilo."

"Naliona. Miguu ndiyo iliyochoka, macho bado."

"Watadhani..."

"Wewe umewaambia kitu?"

"Hapana."

"Mimi je?"

"Hapana."

"Daktari ameweka alama ya ukurasa. Mwanangu, kazi yetu ni kutunza vitabu kama tulivyovikuta."

Sijui hadi leo kama hoja hiyo ilikuwa sahihi. Niliigeuza kila upande, sikupata ilipokatika.

Jumatatu Mwalimu Shirin akafungua kitabu chake kwenye piano. Akaliona jani. Hakuzaliwa jana, na hakuzaliwa mbali. Baba yake aliwahi kuletewa isale dukani na mteja, akaliweka juu ya mashine ya kushonea mpaka likakauka. Naye akalirudisha palepale kitabuni. "Kumbe mtu mzuri," akasema, siyo kwangu.

Mchana huohuo Kimaro akatokea na selo mgongoni na mkungu wa ndizi begani. Alitembea kama askofu. Alikuwa amefungua cha kwake pia.

"Yamekwisha, mama," akasema, akitua mkungu.

"Yamekwisha kabisa. Kaa, nimekuletea kachori."

Kila mmoja alikuwa na ule upole wa mtu aliyeombwa radhi. Sijawahi kuona watu wawili wakisameheana kwa ukarimu namna ile huku kila mmoja akiwa juu. Daktari alifurahi akadhani ni dawa yake. Lakini njia mbili hazikujaribiwa. Kila walipofika kwenye ukurasa ule mmoja wao alisema, "Hapa tunapajua, twende mbele," na mwenzake akaitikia haraka. Nilidhani wanaona haya. Nilikosea, walikuwa wanaandaliana zawadi.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Upande mmoja jamaa wa Mwalimu Shirin, wenye maduka na wasio nayo, upande wa pili watu wa Kibosho waliokuja kuona mwenzao akikumbatia chombo, katikati masista na wazazi wa wanafunzi. Mimi nilikaa kushoto kwa piano, kazi yangu kugeuza kurasa. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwenye viungo lakini vilitii. Tukaingia sehemu ya polepole. Nikaigeuza karatasi ya mwisho, pale pale.

Kimaro akashusha upinde kimya, kimya kabisa, kama anamfunika blanketi mtoto aliyelala. Na Mwalimu Shirin, kwa mikono yote miwili, akaipiga piano kwa nguvu zote alizonazo.

Selo haikusikika hata chembe. Daktari Ute alimtazama huyu, akamtazama yule, kama mtu aliyesoma vipimo vya wagonjwa wawili vikabadilishana majina. Wakamaliza. Kabla ya sehemu ya mwisho kuna kimya kidogo cha kupumua. Hawakupumua.

"Mbona hukupiga?" Mwalimu Shirin akanong'ona.

"Mbona wewe umepiga?"

"Nilikuwa nakupa nguvu yako, wewe mtu."

"Nami nilikuwa nakupa kimya chako."

"Kwa nini? Wewe ndiye uliyeniomba radhi."

"Mimi?" Sauti ikampanda. "Isale nimeletewa na nani, kama si wewe?"

Akachomoa jani kutoka kwenye kitabu, limeshakauka, fundo liko vilevile. Mwalimu Shirin akachomoa lake. Watu wa Kibosho kuona hivyo wakaanza kunong'onezana, nadhani wengine walidhani ni kesi ya shamba.

Daktari Ute akainama mbele. "Kuna maumivu?"

"Daktari," Kimaro akasema, "hili limetoka wapi?"

"Hiyo ni alama yangu ya ukurasa. Kutoka kwenye uzio. Ni mbaya? Ina sumu?"

Mstari wa mbele walisikia, nao wakawapasha wa nyuma, na kicheko kikaenda ukumbini taratibu kwa kuchelewa, mwishowe kikafika kwa Mzee Barnaba mlangoni, ambaye alikuwa anatazama dari.

Mwalimu Shirin hakucheka. Alikuwa amelishika jani, na mimi niliyekaa karibu niliona midomo yake ikikazana. Nikafikiri, ndiyo basi, hapa anafunga piano. Alikuwa amesubiri nywele zikaota mvi, na pale mahali alipopataka pamepita bila kusikika.

"Kwa hiyo hujaniomba radhi," akasema.

"Wala wewe," akasema Kimaro.

"Sitakuomba."

"Wala mimi. Ila nimeshapokea, mama. Isale likishapokelewa haliulizwi limetoka mkono gani."

Mwalimu Shirin akafikiri. Kisha akaniambia, "Rudisha ukurasa."

Nikaurudisha.

"Piga kwa nguvu," akamwambia Kimaro. "Trekta kabisa. Nitakaa kimya nikusikilize."

Wakarudia kuanzia juu ya ukurasa, mbele za watu wote. Nami niseme nilichosikia, bila kuongeza chumvi. Kimaro alianza kwa nguvu kama marehemu alivyomfundisha. Piano ikawa chini yake, ndogo, inamfuata. Katikati ya wimbo, bila mtu kumwambia, akaanza kupungua, akapungua, na piano ikapanda kumpokea, wakapishana. Hayo hayamo katika toleo la zamani. Hayamo katika toleo la kitaalamu, wala kwenye wasiwasi wake wa nyuma.

Mwalimu Shirin aliondoka wiki ile. Kwenye uwanja wa ndege Kimaro alimwambia akifika asimwandikie mpaka akubali kwamba lile halikuwa tone la wino. Akajibu, basi hutasikia habari zangu. Wanapigiana simu kila Jumapili, na hoja iko palepale.

Mkiulizwa siku moja nani aliomba radhi, jibuni kwa haki: hakuna, na wote wawili walisamehe. Mwalimu Shirin alisubiri miaka yote ile aipige trio yake mara moja mbele za watu. Sehemu ile aliipiga mara mbili, na mara zote mbili, kwa mujibu wa vitabu vyote viwili, yeye na Kimaro walikosea.